Neno Ulilonimalizia Alhamisi

Mwanangu Nsia,

Umetoka na mama yako asubuhi kwenda Kikatiti kumuaga bibi, na ninavyomjua bibi yako hamtaachiwa mpaka mle, muombewe, na mbebeshwe mkungu wa ndizi ambao sijui utaufikishaje Dodoma. Nyumba imebaki kimya. Nimefunga karakana, nimesugua gundi mikononi hadi nimechoka, na sasa nimekaa kwenye kochi la mteja, lile ambalo tangu livishwe kitambaa kipya nimemkataza kila mtu kulikalia. Usimwambie mama yako.

Kesho unapanda basi. Keshokutwa unasimama kwenye mkutano, mbele ya wahandisi, maofisa ardhi na watu wa benki, useme habari za wapangaji wa mji wetu. Ukimaliza hapo hurudi, kwa kuwa ofisi yenu imekuhamishia hukohuko. Mambo makubwa mawili kwa nauli moja, na mimi nayaogopa kwa zamu: nikimaliza kuogopa hili, naanza lile.

Sitakuandikia habari za sweta wala za kushikilia mkoba wako stendi. Mama yako ameshasema, na kesho atasema tena kupitia dirisha la basi. Mimi nina jambo la Alhamisi. Nimeona niliandike, kwa sababu kwenye karatasi sina kigugumizi. Kwenye karatasi na kwenye kwaya. Kanisani huwa wananishangaa, mtu anayehangaika kusema "bwana asifiwe" mlangoni halafu anapiga besi beti nne bila kujikwaa. Lakini siwezi kukuimbia barua nzima, majirani wataita watu.

Alhamisi ulitukusanya sebuleni tukusikilize unavyojiandaa. Mama yako akashika simu akupimie muda. Ulianza vizuri. Ulisimama wima, ukaeleza namna nyumba za Sombetini zinavyokua chumba kwa chumba, mwenye nyumba upande huu na wapangaji upande ule, choo kimoja, bomba moja, geti moja. Nilikuwa nakusikiliza kama ninavyosikiliza taarifa ya habari, sauti ya mtu anayejua anachokisema. Kisha ukafika penye mtoto. Ukasema, "Katika kaya moja, mtoto wa shule ya msingi ndiye aliyekuwa akizungumza na mwenye nyumba kwa niaba ya mzazi wake." Hapo ukaanza kukimbia. Ukurasa uliofuata uliusoma kwa pumzi moja, macho chini, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa. Kabla hujaumaliza ukakwama, ukakaa kwenye mkono wa kochi.

"Baba, mimi siwezi," ukasema. "Nitampigia bosi ampe mtu mwingine."

Nikafungua mdomo nikujibu. Neno likanigomea kooni, unajua linavyogoma. Na wewe, kama ulivyofanya maisha yako yote, ukanimalizia.

"Unataka kusema nisiogope. Najua, baba. Asante."

Nikaitikia kwa kichwa. Mama yako akaleta chai, yakaishia hapo.

Sikutaka kusema usiogope, mama. Nilitaka kusema kitu kingine kabisa, na ndicho kilichonishikisha kalamu leo. Lakini nikikitaja hivihivi kitakupita, kwa hiyo nivumilie nianzie nyuma.

Mama yako alipopata kazi ya kupika kwenye hoteli ya watalii kule Momela, alikuwa akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Tukabaki wawili. Nyumba tuliyokuwa tumepanga ikauzwa, tukaambiwa tutoke, tukaanza kuzunguka Sombetini kutafuta chumba. Kila geti nililogonga lilifunguliwa likafungwa. Siwalaumu. Mtu anatoka, anakuta mwanamume mzima amekaza shingo, midomo inacheza na sauti haitoki. Atafikiri nini? Mmoja alidhani nimelewa. Mama mwingine alidhani nimeletwa na habari ya msiba, akaanza kulia kabla sijafika popote, na nilivyozidi kuhangaika kumwambia hakuna aliyekufa ndivyo alivyozidi kulia. Yule mama namhurumia hadi leo.

Siku tuliyopata chumba ulikuwa na sare ya shule, soksi moja imeshuka. Baba mwenye nyumba alisimama getini akaniuliza nafanya kazi gani. Nikaishika "f" ya fundi, nayo ikanishika. Akaanza kurudishia geti. Ndipo ukajipenyeza mbele yangu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Naitwa Nsia. Huyu ni baba yangu, ni fundi makochi. Halewi, anachelewa tu kusema. Tunataka chumba kimoja. Mimi nalala mapema."

Mzee alicheka hadi akajishika kiuno. Akatufungulia.

Tangu siku ile nikakufanya mdomo wangu. Dukani wewe, ofisi ya mtaa wewe, kwa wateja wewe. Hata kwenye kikao cha wazazi shuleni kwako! Mwalimu wako wa darasa alinieleza kwamba unaongea mno darasani, akaniuliza kama mzazi nitachukua hatua gani, na aliyemjibu ni wewe: "Baba anasema atanikanya." Mwalimu akatuangalia kwa zamu, akaona hapa hakuna kesi. Tulicheka njia nzima hadi nyumbani. Kicheko changu hakina kigugumizi, umewahi kuligundua hilo?

Nilijiambia kwamba unapenda. Na kweli ulipenda. Majirani walikuita msemaji wa serikali, ukatembea kifua mbele. Lakini mtu akishapata nafuu haulizi nani anailipia. Mdomo wangu ulikuwa mgumu tangu utoto, ila kabla yako nilikuwa naulazimisha. Nilikuwa nasimama dukani na kupambana nao mpaka napata sukari yangu, hata kama foleni nyuma yangu inaguna. Ulipokuja wewe nikaacha kupambana. Nikaona ni mapumziko, kumbe ule mzigo nilikuwa nimeuhamisha tu.

Kisha ikaja siku ya fremu. Baba mwenye nyumba aliamua kubomoa upande wetu ajenge fremu za maduka. Nikakutuma ukamwombe tukae mpaka mfunge shule. Mimi nikabaki nyuma ya choo, najifanya nafunga kamba za mkokoteni, na nikasikia kila neno.

"Mwambie baba yako," alisema, "mwanamume anayejificha nyuma ya sketi ya mtoto simwongezei hata siku moja. Akija na mdomo wake mwenyewe, tutaongea."

Ukarudi unaburuta ndala. Nikakutazama usoni, nikangoja.

"Amesema hana shida, baba," ukaniambia. "Ila tuanze kutafuta polepole."

Nina kigugumizi, mwanangu, si kiziwi. Ulikuwa bado mtoto wa kuogopa kwenda chooni gizani peke yako, na tayari ulishajua kuchuja tusi la mtu mzima lisinifikie mimi. Nami nikafanya nini? Nikaitikia kwa kichwa, nikakuacha uamini kwamba umefaulu kunificha. Jioni ile ulikataa ugali, ukasema tumbo linauma. Nilijua kinachouma, nikakuchemshia chai ya tangawizi kana kwamba sijui.

Siku ile ndiyo ninayotamani kurudishiwa. Si kwa sababu ya chumba. Tulipata kingine, tena kizuri zaidi, chenye dirisha la kuuona mlima asubuhi mawingu yakiwa hayajashuka. Natamani kurudishiwa kwa kuwa ningekwenda mwenyewe pale getini. Ningesimama nikwame hata mpaka jua lizame, na wewe ungekuwa unaruka kamba na wenzako.

Nimejiuliza miaka yote hii kama ulishaisahau. Alhamisi nikajua.

Ulipofaulu kwenda sekondari ya bweni nilibaki bila mdomo. Mama yako alidhani nalia kwa upweke. Ni kweli, lakini nililia pia kwa kutojua nitanunuaje misumari. Kwa muda niliishi kwa vikaratasi. Naandika, nampa mwenye duka, ananipa kitu, naondoka. Nikajiona nimepata dawa.

Halafu mtaani kukaitwa mkutano. Mwenye kiwanja cha pembeni alitaka kujenga ukuta kuziba uchochoro unaotoka nyumba za ndani hadi barabarani. Waliojenga mbele hawakuona shida yoyote. Sisi wa ndani, karibu wote wapangaji, ndiko tulikopitisha kila kitu: ndoo za maji, mgonjwa, jeneza, na makochi yangu. Mwenyekiti wa mtaa akauliza kama kuna mwenye neno. Kila mpangaji alikuwa na mwenye nyumba wake ameketi mstari wa mbele, akigeuza shingo kuona nani atathubutu. Nikaona mkono umenyooka juu, kutazama vizuri ni wangu.

Nikasimama. Neno la kwanza lilikuwa "njia", na ndilo lililonikamata. Mtu wa mbele akataka kunisaidia.

"Njaa?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Njama!" Wakacheka zaidi. Hata mimi nikacheka, maana njaa nayo ilikuwepo. Nilitaka kukaa, mwanangu, magoti yalishaanza kukunjika. Nikakukumbuka unavyoburuta zile ndala, nikayanyoosha. Ndipo mama mmoja muuza mkaa akapaza sauti, "Mwacheni amalize! Mna haraka ya kwenda wapi?"

Wakaniacha. Na hapo nikakutana na kitu ambacho sikuwahi kukijua katika umri wangu wote, kwa kuwa sikuwahi kukaa ndani ya kile kimya muda wa kutosha. Watu wakisubiri neno, wanalisogelea. Waliokuwa wanachezea simu wakainua nyuso. Mwenyekiti akaweka kalamu mezani. Mimi nilikuwa nimezoea kukiona kimya kile kama shimo ninalotumbukia mbele za watu, kumbe wao walikuwa wamekaa ukingoni wanachungulia nitatoka na nini. Nikawaambia habari ya mama mjamzito tuliyemtoa kwa kumbeba juu ya kiti kupitia uchochoro huo, na kwamba ukuta ukisimama, wa pili atazungushwa bondeni kwenye tope. Basi. Nilichukua muda mrefu kuliko wote waliosema siku ile, na sentensi zangu zilikuwa chache kuliko za wote. Hakuna aliyekufa kwa kunisubiri.

Usidhani nilikuwa shujaa, ukuta ulijengwa. Ila ulirudishwa nyuma, na njia ikabaki, nyembamba, ya kupitisha kochi la watu wawili likilazwa ubavu. Yule aliyesema "njaa" alikuja baadaye kuniletea viti vyake nivivishe. Tunaheshimiana.

Uliporudi likizo ulinikuta natoka dukani na mkate, nimeuagiza mwenyewe kwa kinywa changu. Ukasimama mlangoni unanitazama kama mtu aliyeibiwa. "Sasa mimi nitafanya nini?" ukauliza, na kweli ulikuwa umekasirika. Nikacheka. Sikukujibu, na ilinipasa. Jibu umelitafuta mwenyewe: umesoma, umekuwa mtu wa makazi, unagonga mageti ya watu kuwauliza wanaishije. Nikikuona unatoka asubuhi na viatu vyako vya vumbi, huwa nasimamisha nyundo kidogo. Hujawahi kujua hilo.

Lakini nikuambie moja la kazi hiyo, na usininunie. Bado unamalizia watu maneno. Mara nyingi unapatia, ndiyo maana hujaacha. Ile siku niliyokusindikiza kule Sombetini kuongea na wapangaji, yule kijana wa bodaboda alianza, "Mimi hapa shida yangu kubwa ni..." akatafuta neno. Ukamwambia, "Choo?" Akasema ndiyo, choo. Ukaandika choo. Mimi nikamwona usoni, nikajua siyo, kwa sababu hivyo ndivyo na mimi ninavyoitikia. Nilibaki nyuma nikamuuliza. Shida yake ni geti. Akichelewa na abiria wa mwisho hafunguliwi, analala nje juu ya pikipiki, na aliona aibu kulisema mbele ya wenzake. Sikukuambia siku ile kwa sababu ulikuwa na furaha. Ila wewe unajua kuliko watu wote kwamba kuna neno linalochelewa kutoka kwa kuwa ndilo lenyewe. Mwache mtu ahangaike nalo. Kaa naye tu.

Sasa nifike kwenye Alhamisi.

Nilichotaka kusema ni hiki: rudia ule ukurasa, taratibu, na useme ni sisi.

Najua kwa nini uliandika "kaya moja". Ulikuwa unachuja tena, lisinifikie. Hukutaka baba yako aanikwe mbele ya watu wenye suti. Ndiyo maana ulipofika pale ulikimbia, na kukimbia ndiko kulikokuangusha. Kuogopa hakukukwamisha. Kuogopa kupo tu. Mimi naogopa kila ninapotaja jina langu, na bado ni jina langu. Kilichokuangusha ni kule kusema jambo huku umelifunika kwa mkono.

Basi ondoa mkono. Sema baba yako ni fundi makochi, ana kigugumizi, na wewe ndiye uliyekuwa ukigonga mageti kwa niaba yake na soksi imeshuka. Sema hata lile la sketi ya mtoto. Nililisikia siku ileile, kwa hiyo huna tena cha kunificha wala mimi sina cha kujifanya. Hao watu wa ramani na mikopo wameshasikia "kaya moja" mara nyingi, kesho wameisahau. Hawajamsikia Nsia. Na ukifika mahali sauti ikakataa, usiitimue. Simama hapohapo, kunywa maji. Watasogea, niliwaona kwa macho yangu wakisogea. Na mzee mmoja akikuuliza swali usilojua jibu lake, mwambie hujui, kisha ukae. Dunia itaendelea.

Mama yako ananiambia bado hujampigia bosi. Uamuzi ni wako. Ukimpigia utapanda basi lilelile na utabaki mwanangu yuleyule, na nitakuwa nakusimulia kwa wateja vilevile mpaka wachoke, wewe unajua mteja wangu anavyochoka mapema. Lakini ningependa ukurasa ule usomwe na mwenyewe.

Lipo jambo moja ambalo hata mama yako hajui. Yule mama mwenye nyumba wa Dodoma aliyekuwekea chumba alisema anataka kuongea na mzazi kabla hujafika, ukamwambia mama yako atapiga. Asubuhi mlipoondoka nikachukua ile namba uliyoibandika kwenye friji. Unajua mimi na simu. Uso kwa uso mtu anaona nahangaika, atanivumilia. Kwenye simu hasikii kitu, anadhani ni mtandao.

Nikapiga. "Haloo? Haloo?" Akakata. Nikapiga tena. "Haloo, sikusikii, sogea penye mtandao." Akakata. Nikakaa naitazama simu kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. Kisha nikamwandikia ujumbe: "Habari mama. Mimi ni baba yake Nsia wa Arusha. Nina kigugumizi. Napiga tena sasa hivi, naomba unisubiri."

Akapokea papo hapo. Hakusema haloo. Nikasikia akimwambia mtu apunguze redio, nikasikia kiti kinavutwa. Kisha akasema, "Sema baba, nimeshakaa."

Tukaongea, mwanangu. Nikamuuliza kama mlango wako una komeo kwa ndani, maji yanatoka siku zipi, na kama geti lake linafunguliwa mtu akichelewa kazini. Alinijibu yote. Mara nyingine nilikwama mpaka nikadhani amekata, nikasikia anapumua tu, ananisubiri. Mwishoni akauliza kwa heshima kama binti naye ni hivyohivyo. Nikamwambia hapana, huyo utamchoka kwa maneno. Akacheka sana. Amesema atakuja mwenyewe kukupokea stendi.

Basi ukifika msalimie vizuri, umshukuru, ule atakachokupikia hata kama umeshiba. Habari za baba yako usijisumbue kumweleza. Nimeshamweleza mwenyewe.

Nakupenda, mwanangu. Hilo pia kesho nitajaribu kulisema stendi, na basi litanisubiri.

Baba yako